Michoro Kumi na Miwili ya Rhobi

Sajenti Erasto alisema ni kamba ya kuanikia nguo, akaandika hivyo kwenye daftari lake, na kwa upande wake habari ya kamba ikawa imekwisha.

Inspekta Winfrida hakumpinga. Alisimama kwenye mlango wa jiko akaitazama ile kamba ya katani. Ilifungwa kwenye mwimo, ikakatiza ua mzima, ikaishia kwenye nguzo ya choo. Hatua ishirini na tatu. Alizihesabu mara mbili. Kisha akaisogelea akajipima nayo. Ilimfika kiunoni.

"Sajenti, kwako mashuka mnaanika kiunoni?"

"Kwangu anaanika mama watoto, afande."

"Na yanaburuza chini?"

Erasto alikuwa amebakiza miezi minane kustaafu na hakuona sababu ya kuimaliza kwa kugombania kamba. Akasema labda ni ya nguo za watoto. Winfrida aliipitisha kiganjani taratibu. Haikuwa na alama hata moja ya kibanio. Katikati ilikuwa laini na nyeusi kwa mafuta ya mikono, na hatua mbili kabla ya choo palikuwa na mafundo mawili yaliyokazwa vizuri. Akamwambia Erasto afute neno nguo, aache kamba peke yake.

Ilikuwa Alhamisi asubuhi, Nyambureti, na nyuma ya nyumba udongo wa kaburi ulikuwa bado mbichi. Rhobi Simioni, bibi wa miaka sabini na minne, alikutwa Jumanne saa tisa alasiri amelala sakafuni kwenye chumba chake cha kuchorea. Daktari aliyempasua aliandika sumu: dawa ya kupe, ile ya kuogeshea ng'ombe, tena haijachanganywa na maji. Aliyemkuta ni Mokami, aliyekuwa akitoka kusaga unga, na aliyelala mahabusu Mugumu toka jioni ile ni huyo huyo Mokami. Kesho saa tatu angepandishwa mahakamani kwa mauaji. Mkuu wa upelelezi wa wilaya alikuwa amempa Winfrida siku moja ya kulikamilisha jalada, wala si ya kulifungua upya.

Na jalada lenyewe halikuwa gumu kulisoma. Rhobi hakujaliwa mtoto. Mumewe Simioni alipofariki, alifanya walivyofanya wajane wengi wa Kikurya kabla yake: akatoa ng'ombe, akaoa mke. Nyumba ntobhu, wanaiita. Mwanamke anamwoa mwanamke, na watoto wanaozaliwa wanaitwa wa nyumba ile. Mke aliyemwoa ndiye Mokami, akiwa na miaka ishirini na mmoja, na sasa alikuwa na thelathini na watoto wawili. Nchagwa, mtoto wa kaka yake Simioni, hakuwahi kuifurahia ndoa hiyo, kwa kuwa kabla yake boma lote lilikuwa linamwelekea yeye. Ndiye aliyeandikisha maelezo kwamba Mokami alitaka kubaki peke yake. Ndiye pia aliyesema kwamba Jumanne ile, hata majirani hawajajaa uani, Mokami alikuwa nyuma ya jiko anachoma makaratasi. Majirani watatu waliuona moshi. Nchagwa alisema ni wosia.

Mokami, alipoulizwa habari ya makaratasi, alijibu hajui. Alipoulizwa habari ya dawa, hajui. Alisaini kila ukurasa kwa mkono wa kushoto, kichwa kimeinama, kisha akauliza kama watoto wamekula.

Winfrida aliingia chumba cha kuchorea. Ukutani palikuwa na rafu ya makopo ya rangi zaidi ya ishirini, na shingoni mwa kila kopo palifungwa uzi. Uzi wa nyekundu ulikuwa na fundo moja, wa njano mawili, wa kijani matatu; wa bluu ulitiwa ushanga. Lebo zote zilikuwa zinasomeka.

"Mapambo," alisema Erasto.

"Mapambo ya nani, Sajenti? Ya makopo?"

Kwenye mbao ya dirisha palikuwa na duara la maziwa yaliyokauka, la siku nyingi, limezama kwenye mbao. Duara moja tu. Hapo ndipo askari walipozichukua zile chupa mbili Jumanne. Zote mbili zilikuwa chupa za maji za lita moja, zimebanduliwa karatasi zake. Yenye kifuniko cheupe ilikuwa imejaa maziwa, na maziwa yalikuwa mazima. Yenye kifuniko cha kijani ilikuwa ya dawa, imepungua.

Hapo ndipo Winfrida alipokuwa amekwama toka jana. Mtu anayetaka kumuua bibi anatia dawa kwenye maziwa. Hapa maziwa yalibaki safi na bibi akanywa dawa tupu, mafunda mawili au matatu. Erasto alidhani alilazimishwa. Lakini kigoda kilikutwa kimesimama, brashi zimepangwa kwa urefu, na daktari hakuona mchubuko hata mmoja mwilini. Kama alijiua, basi alijiua katikati ya kazi, kwa sababu juu ya meza ilikutwa bahasha kubwa ya kaki, imeandikwa anwani ya Dar es Salaam, haijagundishwa.

Nyuma ya jiko waliyachambua majivu kwa kijiti. Mvua ya Jumanne jioni iliokoa kipande kimoja cha karatasi, upana wa kiganja. Hakikuwa na maandishi yoyote. Kilichorwa uso wa mtoto wa kike mwenye pengo, ukarudiwa, ukarudiwa tena, mstari kwa mstari. Nyuso za juu zilikuwa mbovu. Za chini zilikuwa nzuri.

"Wosia gani huu?" Winfrida aliuliza, na kwa mara ya kwanza Erasto akavaa miwani.

Winfrida alimjua mtoto yule. Kila aliyesoma shule ya msingi miaka ile alimjua: mtoto mwenye pengo na kibuyu cha maji, aliyekuwa akitokea kwenye kila ukurasa wa kitabu cha darasa la pili, mara anachunga ndama, mara anamwamkia bibi yake. Winfrida alijifunza kusoma kwa kumfuata yeye. Hadi Jumanne hakuwa anajua kwamba mtoto huyo alizaliwa Nyambureti. Rhobi alitokea Susuni, msichana aliyekuwa akichora kuta za nyumba ya mama yake kwa udongo mweupe wa mtoni mpaka mwalimu mmoja akampeleka chuo. Tangu alipoolewa huku alichorea vitabu vya shule kwa miaka zaidi ya thelathini. Karatasi zilikuja kwa basi, michoro ikaondoka kwa basi. Ndani ya jalada la kila kitabu paliandikwa maneno mawili: Michoro: Kamati. Kamati yenyewe ilikuwa mwanamke mmoja juu ya kigoda.

Asubuhi ile Winfrida alikuwa amepitia shule ya msingi akaazima nakala ya zamani, imechakaa. Aliiweka mezani, akafungua bahasha, akaitandaza michoro. Ilikuwa kumi na miwili. Kumi na mmoja ilikuwa safi kabisa: fisi, mbuni, wazee, na yule mtoto mwenye pengo kila mahali. Wa kumi na mbili ulifungwa peke yake kwenye karatasi laini. Huo nao ulikuwa wa mtoto mwenye kibuyu, ila jicho moja limeteremkia shavuni, na kibuyu kinaning'inia hewani, mbali na mkono wake.

"Huu wamechora watoto," alisema Erasto.

Winfrida alikaa nao muda mrefu. Kisha akaanza kuangalia kile ambacho mtu hakiangalii kwenye picha, mistari midogo ya kivuli. Kwenye kitabu cha zamani mistari yote ilishuka kutoka kulia kwenda kushoto, kama anavyokwaruza mtu wa mkono wa kulia. Kwenye michoro kumi na mmoja ilishuka upande mwingine, kutoka kushoto kwenda kulia. Kwenye ule wa kumi na mbili, ule mbovu, ilishuka kama kwenye kitabu cha zamani.

Alimwambia Erasto alete gari. Walikuwa wanakwenda Morotonga, kwa Sadick muuza rangi.

Erasto alikuwa na tumaini kubwa na Sadick, kwa sababu dukani kwake, katikati ya makopo na fremu, zilitundikwa picha sita za Rhobi, na watalii hupita barabara hiyo. Njiani alikwishapanga kesi nzima ya wizi wa picha. Mzee Sadick aliwapokea kwa utulivu, akaitikia shikamoo ya Winfrida, akamtuma mkewe Zuleha alete viti. Alipoulizwa habari ya picha alizishusha moja moja, akazigeuza. Nyuma ya kila moja palikuwa na mwandiko wa Rhobi na tarehe. Zote ni zawadi za Idd, na ya mwisho ilikuwa ya miaka mitatu nyuma. Kesi ya Erasto ikafia hapo hapo, na harufu ya thina ya kuyeyushia rangi ikampigisha chafya nne mfululizo.

"Kuna harufu?" Sadick aliuliza, kwa mshangao wa kweli. "Nisameheni. Pua yangu ilikufa zamani. Hii kazi inakula pua. Na bibi Rhobi ya kwake ilikwisha kabla ya yangu. Tulikuwa tunataniana, kwamba sisi wawili tukipikiwa ugali ulioungua tunakula tu na kushukuru."

Winfrida alikiandika hicho kabla hajauliza kingine. Kisha akauliza kwa nini zawadi zilikoma miaka mitatu nyuma.

Sadick alizungukazunguka. Alisema uzee. Alisema kazi nyingi. Winfrida akamwambia kwamba kesho saa tatu Mokami anapandishwa mahakamani kwa mauaji, na kwamba kama kuna jambo analomfichia bibi, bibi hana haja nalo tena. Mzee alivua kofia yake, akaiweka magotini.

"Mwezi wa nne nilikosea," alisema. "Aliagiza kijani, nikampa kopo la bluu. Na tone la bluu limekauka juu ya kifuniko, linaonekana. Huyu ni mtu aliyewahi kunirudishia nyekundu ya Sirari kwa sababu hailingani na nyekundu ya Mwanza. Akalishika, akalitikisa, akaniambia, ahsante Sadick, kijani chako siku zote ni kizuri."

Sadick aliigeuza kofia magotini. Zuleha, aliyekuwa amesimama mlangoni, aligeuka akaingia ndani.

"Kesho yake Mokami akaja kubadilisha. Akaniomba nisiseme."

"Na hukusema."

"Ilikuwa siri yake, afande. Walikuwa wakija hapa mkono wa bibi uko begani kwa Mokami. Watu wakaona ni upendo. Na upendo ulikuwepo, sikatai."

Ndani ya gari Winfrida alipiga simu Dar es Salaam, kwenye namba iliyokuwa juu ya bahasha. Mhariri aliitwa Shamimu, na alikuwa amekwishapata habari za msiba. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyelia. Alieleza kwamba kitabu ni cha ngano za Mara, kinaingia mtamboni Jumatatu, na kwamba picha za michoro kumi na mmoja walikuwa nazo tayari kwa simu. Jina la Rhobi Simioni litakaa kwenye jalada la mbele, kwa herufi kubwa. Itakuwa mara ya kwanza. Bibi alipoambiwa hivyo aliomba asomewe tena jina hilo lilivyoandikwa. Walimwomba mara nne aje Dar achore mbele ya watoto siku ya uzinduzi, akakataa mara zote nne.

Winfrida aliuliza, kama jambo la kupita tu, ingekuwaje kama mtu mwingine ndiye aliyeshika brashi.

Shamimu alisema ingebidi jina libadilike. Mkataba hauna njia nyingine. Kisha akauliza kwa nini anaulizwa hivyo, na Winfrida akasema ni utaratibu tu wa jalada.

Saa kumi alasiri Nchagwa alikuwa amekaa mbele ya meza ya Winfrida kituoni Mugumu, mtu mzima wa miaka hamsini, kofia mkononi, tayari kuyarudia maelezo yake kwa mara ya tatu. Alieleza vizuri, hata kwa kujiamini. Kila baada ya wiki mbili alikwenda kwa mama mkubwa kupiga ndama bomba la dawa, na Jumanne alikwenda. Dawa ilibaki kidogo kwenye kopo linalovuja, akaimimina kwenye chupa, akamkabidhi mama mkubwa mwenyewe, akaondoka saa tano. Alimwacha mzima. Mokami alirudi baadaye. Hesabu iko wazi.

"Ulimkabidhi mkononi?" aliuliza Winfrida.

"Alikuwa na brashi mkononi. Niliiweka dirishani."

"Dirishani palikuwa na nini?"

"Chupa yake ya maziwa. Niliisogeza kidogo nikaweka yangu."

"Ukamwambia?"

Nchagwa alikasirika kidogo. Yeye si mtoto, alisema. Tangu azaliwe anashika dawa ya mifugo, hawezi kuiacha ndani ya nyumba bila kusema. "Nilimwonyesha kwa kidole. Nikamwambia, mama, hiyo ya kijani ni sumu, usiiguse. Yako ni hiyo nyeupe."

Kalamu ya Winfrida ilisimama. Erasto, aliyekuwa dirishani, naye aligeuka.

"Akasemaje?"

"Akasema, nimeona."

Winfrida aliomba arudie, na Nchagwa akarudia, neno kwa neno. Nimeona. Ndipo akamuuliza polepole kama katika miaka hii miwili alishawahi kumkuta mama mkubwa amesimama. Nchagwa alifikiri. Alisema hapana, kila alipofika alimkuta ameketi, na hakuwahi hata kuinuka kumpokea. Alidhani anamdharau. Kwa kweli jambo hilo lilimuuma sana, na hakuwahi kumwambia mtu. Winfrida akauliza kama aliwahi kupewa mkono kabla hajausogeza wake. Kama aliwahi kutazamwa usoni. Kama ile kamba ya uani alishawahi kuona imeanikwa nguo.

Walimwangalia akiipata maana mwenyewe. Haikuchukua muda mrefu, na halikuwa jambo jema kulitazama.

"Alikuwa haoni," alisema Nchagwa.

"Alikuwa haoni."

"Nikamwambia rangi." Kofia ilimwanguka, hakuiokota. "Mchoraji. Mimi nikamwambia rangi. Afande, mimi ndiye niliyemuua mama?"

"Dirishani siku zote hukaa chupa moja tu," alisema Winfrida. "Alinyoosha mkono kama kila siku. Pua yake haikuweza kumwonya. Na wewe hukuwa umeambiwa."

Erasto alimwokotea kofia, akamweka mkono begani, akamwita mura, yaani kijana kwa Kikurya, akamtoa nje kumtafutia maji. Winfrida hakumpenda Nchagwa asubuhi ile, na alikuwa na sababu. Sasa alimhurumia.

Mokami aliletwa saa kumi na moja. Aliketi, akaamkia, akauliza watoto wamekula nini. Winfrida alimjibu kwamba wako kwa jirani na wamekula viazi na maziwa. Kisha akaweka juu ya meza kile kipande cha karatasi kilichoungua.

"Ulikuwa unajifunza mkono wake," alisema.

Mokami alikigeuza kipande kifudifudi. Winfrida akaweka mchoro mmoja kati ya ile kumi na mmoja, na ule wa kumi na mbili, akaweka kitabu cha zamani, akamwonyesha mistari ya kivuli, wapi mkono wa kushoto na wapi wa kulia. Hakumtisha wala hakupandisha sauti. Alimweleza kamba, mafundo ya nyuzi, kopo la bluu la Sadick. Alimweleza kwamba makaratasi yale yalikuwa mazoezi, na aliyachoma ili yasionekane. Mwisho akamweleza chupa ya Nchagwa, na alichosema Nchagwa, na alichojibiwa.

Mpaka hapo Mokami alikuwa amejikaza kwa siku mbili. Aliposikia neno nimeona, alijikunja juu ya meza.

"Mwezi uliopita alitaka kumwambia," alisema, alipoweza kusema. "Nchagwa. Alisema, huyu ni mtoto wetu, anakuja hapa kila mara, si vizuri. Mimi nikamkataza. Nikasema, mama, subiri kitabu kitoke, jina lako litoke. Wiki chache tu, halafu tuwaambie wote. Nilimkataza mimi."

Winfrida alimwacha alie. Yeye mwenyewe alitazama ukutani, kwenye kalenda, kwa sababu hakukuwa na mahali pengine pa kutazama.

Mambo mengine yalitoka yenyewe. Macho ya bibi yalianza kufifia kwenye kingo, yakaja yakafunga kabisa. Kamba walifunga wote wawili siku moja, na bibi ndiye aliyeweka mafundo ili asigonge ukuta. Nyuzi za makopo zilikuwa wazo la Mokami. Kila asubuhi bibi alisimulia mchoro, fisi akae wapi, mguu gani uwe mbele, na Mokami akachora, na bibi akapapasa karatasi kwa kidole kufuata alama ya penseli, akasema hapana, akasema rudia. Akitaka uso alimshika Mokami uso wake mwenyewe, akamwonyesha pua iishie wapi.

"Yeye ndiye aliyechora," alisema Mokami. "Mimi nilikuwa mkono tu. Huo wa kumi na mbili ndio alioushika mwenyewe. Alisema anataka hata mmoja. Nilimwambia nitaurudia uwe mzuri, akakataa."

Kisha akainua kichwa. Kwa mawazo alikuwa amekwishamtangulia Winfrida.

"Ukiandika kwamba alikuwa haoni, wa Dar watajua. Watatoa jina lake. Miaka yote ile kamati, kamati. Afande, usiandike."

"Nisipoandika, kesho unakwenda mahakamani kwa mauaji. Una watoto wawili."

"Nchagwa atawaangalia. Siyo mtu mbaya."

Alisema hivyo, kwa sauti ya kawaida, kama anayepanga nani abaki na mbuzi. Winfrida alitoka nje ya chumba, akasimama barazani, akarudi. Erasto alikuwa amerudi pia na alikuwa amesikia. Alikaa kwenye kiti chake cha kona, akavua miwani, akaifuta kwa shati, na kwa mara ya kwanza siku ile akasema jambo ambalo halikuwa kwenye daftari.

"Afande, mimi ni mzee wa jalada. Mahakama inataka kujua bibi alikuwaje Jumanne ya tarehe kumi na tano. Haijauliza alikuwaje mwaka juzi."

Winfrida alivuta karatasi ya maelezo. Paliposemwa hali ya marehemu aliandika: Siku ya tukio, marehemu alikuwa haoni. Fomu ilikuwa na nafasi ya kuandika tangu lini. Aliipita. Aliandika chupa, dirisha, pua, maneno ya Nchagwa na jibu lake. Aliandika kwamba makaratasi yaliyochomwa yalikuwa mazoezi ya mwanafunzi, na hiyo ilikuwa kweli. Kwenye orodha ya vielelezo, mstari wa saba, aliandika: Michoro kumi na miwili, kazi ya Rhobi Simioni. Chini, paliposemwa uhusiano wa mtoa maelezo na marehemu, askari wa Jumanne alikuwa ameandika mfanyakazi wa nyumbani. Alikata, akamuuliza Mokami.

"Mke wake," alisema Mokami.

Akaandika hivyo. Alimsomea yote, mwanzo mpaka mwisho, polepole. Alimwambia kwamba atalala mahabusu usiku huu mmoja, na kwamba asubuhi, wakili wa serikali akishasoma, ataachiwa aende kwa watoto wake. Mokami alisikiliza akiutazama ule mchoro wa kumi na mbili, jicho lililoteremka na kibuyu kilichoukosa mkono.

Winfrida aligeuza karatasi, akamsogezea kalamu. Mokami aliichukua kwa mkono wa kushoto, akainama kama alivyoinama Jumanne. Kisha akasita. Aliitazama mistari ya kivuli pale mezani, akamtazama Winfrida, na Winfrida akaishikilia karatasi isiteleze. Akaihamishia kalamu mkono wa kulia. Herufi zilimtoka vibaya, zimepishana, moja imeteremka chini ya mstari, lakini aliandika jina lake lote.